Begi la Kamera Likiingia Maji: Namna ya Kusafisha na Kuokoa Vifaa Vyake

Fundi ninayempelekea vifaa vyangu hapa Bukavu, mzee mwenye kibanda upande wa Nyawera, huuliza swali moja kabla hajagusa chochote kilicholowa: "Ulishaiwasha?" Siku niliyompelekea flashi iliyokuwa imezama nilimjibu, "Ndiyo, Papa, nilitaka kuona kama bado nzima," naye akaisukuma kurudi upande wangu wa meza bila hata kuifungua. Flashi hiyo na mwenzake zilikuwa katika begi lililokaa karibu saa nzima ndani ya ngama ya mtumbwi wa injini, yaani pale chini maji yanapotuama, tulipokuwa tukirudi kutoka kwenye harusi kisiwani Idjwi na ziwa likachafuka njiani. Ile ya pili sikuiwasha, si kwa busara bali kwa sababu betri zake zilikuwa zimekwisha tangu wakati wa kukata keki, na ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Tofauti ya flashi hizo mbili inaeleza sehemu kubwa ya kazi hii. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo sana. Kinachoupitisha ni madini yaliyoyeyuka ndani yake, na maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi kuliko ya maziwa mengi ya maji baridi, hasa magnesi, sodiamu na bikaboneti, kiasi kwamba pH ya maji ya juu hukaribia 9. Umeme wa betri ukipita katika maji kama hayo juu ya bodi ya saketi, shaba huanza kung'oka upande mmoja na kujishikiza upande wa pili, hata njia mbili zilizopaswa kutengana zikaungana, na uharibifu ambao bila umeme ungechukua wiki kadhaa hukamilika kwa dakika chache. Umeme ukishaondolewa, yanabaki mambo mawili ya kupambana nayo: unyevu wenyewe, na uchafu ambao maji yataacha yatakapokauka. Unyevu huisha kwa subira, lakini uchafu hauishi mpaka uoshwe, na hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa kuwa hukausha kwanza na kuosha baadaye, au hawaoshi kabisa.

Dakika za kwanza

Kabla hata hujafika nchi kavu, fungua begi, mimina maji, kisha toa betri katika kila kitu chenye betri. Usisahau vile vidude vidogo vya kuamshia flashi kwa mbali, taa ndogo za LED na rimoti, kwa sababu ndani yake mara nyingi mna betri bapa mfano wa kifungo ambayo mtu huisahau kwa miaka. Toa pia kadi za kumbukumbu. Usibonyeze swichi, usijaribu, usitikise kifaa kwa nguvu ukidhani maji yatatoka, maana hayatoki: yanahama tu kutoka pembe yalipokuwa kwenda pembe ambayo hayakuwa yameifika. Kilichobahatika kubaki kikavu kitenge mara moja katika mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na vilivyolowa.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: vifaa visivyo na umeme, kama filta, tripodi, mikanda na pete za kuunganishia lenzi, afadhali vibaki vimelowa hadi ufike kwenye maji safi kuliko vikauke njiani vikiwa vichafu. Mimi huvifunga katika taulo iliyoloa. Maji ya ngama si maji ya ziwa peke yake. Yana utando wa mafuta ya injini, mchanga, na mabaki ya kila kilichobebwa siku hiyo, kuanzia dagaa hadi mihogo. Yakikauka juu ya kioo cha filta huacha ganda jeupe la madini lililonata pamoja na mafuta, na kuliondoa ganda hilo bila kukwaruza ni kazi ya jioni nzima. Kanuni ni hiyohiyo kwa bia na soda zinazomwagika harusini, kwa sababu sukari ikishakauka ndani ya skrubu au pete huwa kama gundi.

Maji gani, na pombe gani

Suuza ya kwanza inaweza kufanywa kwa maji ya bomba, na kama kuna utando wa mafuta, tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo linatosha kwa bakuli zima. Suuza ya mwisho ndiyo inayohitaji maji yasiyo na madini. Maji hayo huuzwa kwa ajili ya betri za magari na pikipiki, lakini hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu ukimwambia muuzaji "nipe maji ya betri" anaweza kukupa mojawapo ya vitu viwili visivyofanana hata kidogo: maji yaliyotoneshwa, ambayo hayana madhara, au asidi ya salfuri ya kujazia betri mpya, ambayo itakula vifaa vyako pamoja na vidole. Soma maandishi ya chupa. Kama chupa haina maandishi, usinunue.

Ukikosa, tengeneza mwenyewe. Weka maji katika sufuria kubwa, simamisha bakuli la chuma katikati juu ya jiwe safi ili mdomo wake uwe juu ya maji, funika kwa mfuniko uliogeuzwa ili kitovu chake kielekee bakulini, kisha weka maji baridi juu ya mfuniko na uchemshe polepole. Mvuke hugusa mfuniko baridi, hugeuka matone na kudondokea ndani ya bakuli. Kwa kuwa Bukavu tuko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo mtu asingoje nyuzi 100. Kwa saa moja hupati mengi, lakini filta tatu na kadi mbili hazihitaji zaidi ya kikombe.

Pombe ya kusafishia iwe ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya vidonda bado ina karibu theluthi ya maji, hivyo inafaa kufutia nje lakini si kukaushia ndani. Jeli ya kunawia mikono ina glisirini inayobaki ikinata. Na kwa kuwa ushauri huu hutolewa kwangu kila mwaka na watu wanaonipenda, naandika wazi kwamba kanyanga, ile pombe ya kienyeji, haifai, hata ile kali inayosifiwa kwamba huwaka moto, kwa maana ina maji mengi na mabaki usiyoyajua. Pombe ya isopropili nayo huwaka kwa urahisi, basi usiitumie karibu na mbabula (jiko la makaa) wala mshumaa, hata kama umeme umekatika na huoni vizuri, ngoja kesho. Usiipake juu ya plastiki angavu au mpira laini wa kushikia, kwani huweza kuvitia weupe au kuvifanya vinate.

Flashi na betri, ambavyo vinaweza kukudhuru

Ndani ya flashi mna kapasita inayohifadhi umeme wa volti 300 hivi, na umeme huo hubaki humo hata baada ya flashi kuzimwa na betri kutolewa, wakati mwingine kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo sifungui flashi, na sitamfundisha mtu kuifungua. Kazi yako inaishia nje: toa betri, acha kifuniko cha betri wazi, futa mwili wote, kisha chovya kijiti cha pamba katika pombe na usafishe chemchemi zinazogusa betri na vile vidoto vya chuma vilivyo chini ya mguu wa flashi, mahali inapoingia juu ya kamera. Iweke kifuniko kikielekea chini ili maji yatoke, na kesho yake igeuze upande mwingine. Iache siku 5 hadi 7. Kama ilizama kabisa katika maji machafu, kukauka peke yake hakutaiponya. Ipeleke kwa fundi anayejua kutoa umeme wa kapasita kabla ya kuosha bodi, na umwambie ukweli kuhusu swali lake la kwanza.

Betri za duara za flashi zikiwa za alkali na zimelowa, zitupe, kwani bei yake haifanani na bei ya kifaa. Zikiwa za kuchaji, zifute, zikaushe, na uangalie kama zina kutu. Ukikuta unga mweupe ndani ya chumba cha betri, huo umetokana na alkali iliyovuja. Loanisha kijiti cha pamba kwa siki au maji ya limau, ufute mpaka unga uishe, kisha ufute tena kwa maji yaliyotoneshwa na mwisho kwa pombe, ili asidi ya limau nayo isibaki.

Betri za lithiamu za kamera ni habari nyingine. Nyingi zina volti 7.2, yaani seli mbili zilizofungwa pamoja na kibodi kidogo cha ulinzi ndani ya ganda la plastiki. Betri iliyorushiwa matone tu huifuta, nikasafisha meno yake ya shaba na kuiacha ikauke siku 3 ndani ya sufuria kuukuu barazani, mbali na mapazia na godoro. Lakini iliyokaa majini zaidi ya dakika chache siichaji tena, hasa zile za bei nafuu ambazo ganda lake limegundishwa ovyo. Wenzangu huniona mwoga. Hata hivyo maji yakiingia kwenye kile kibodi cha ulinzi, kinachozuia betri isichajiwe kupita kiasi huenda hakifanyi kazi tena, na hakuna namna ya kulijua hilo kwa macho. Ikivimba, ikipata joto ukiwa hujaigusa, au ikitoa harufu tamutamu kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, itoe nje mara moja uiweke ndani ya kopo la mchanga mkavu. Bandika utepe juu ya meno yake, na isitupwe motoni, wala ziwani, wala kwenye rundo la taka linalochomwa.

Chaja nayo ina waya wa umeme wa nyumbani, kwa hiyo sheria ni kali zaidi: chaja iliyozama ni bora ibadilishwe. Kebo zinaokolewa kwa urahisi; suuza ncha zake kwa maji yaliyotoneshwa, kisha kwa pombe, uzitundike ncha zikiangalia chini.

Kadi za kumbukumbu

Hapa kuna habari njema. Picha zilizomo ndani ya kadi hukaa bila kuhitaji umeme, na maji yenyewe hayazifuti. Kadi ndogo kabisa, zile za simu, kwa kawaida zimemiminwa kama kipande kimoja, hivyo maji hayana pa kuingilia. Kadi kubwa za SD ni maganda mawili yaliyogundishwa, na maji huweza kupenya pembeni. Suuza, kung'uta taratibu, futa meno ya shaba kwa pombe, uache saa 48. Ukishaisoma kwenye kompyuta, nakili kila kitu kabla ya kuanza kuchagua picha, kisha kadi hiyo usiipigie tena harusi ya mtu.

Filta

Filta ya kawaida ni kipande cha kioo chenye tabaka jembamba lililopakwa juu yake. Ioshe chini ya maji yanayotiririka kwanza, bila kuigusa, ili chembe za mchanga ziondoke zenyewe. Anayeanza kwa kitambaa anasaga mchanga juu ya kioo. Kwa waliotoka Goma hili ni muhimu mara mbili, kwa kuwa mchanga mweusi wa kule ni lava iliyosagika, na chembe zake ni kali kama vigae vya chupa. Baada ya maji ya bomba, mimina maji yaliyotoneshwa, iegemeze wima, na yale matone mawili au matatu yanayokataa kushuka yanywishe kwa ncha ya kitambaa laini cha miwani, ukigusa tu bila kusugua.

Filta ya polaraizi, ile ya kupunguza mng'ao, usiizamishe kamwe. Hiyo ina utando uliobanwa kati ya vioo viwili, na maji yakiingia ukingoni utando huanza kubanduka. Utaona duara la rangirangi likianzia pembeni na kuelekea katikati, wiki hadi wiki. Iliyozama tayari ifute upesi, ilaze, na usiweke joto lolote. Kama filta imekwama juu ya lenzi, usiibane kwa koleo. Funga mpira mpana wa kufungia kuizunguka pete yake, shika kwa vidole vyote vitano ili nguvu isambae, na uzungushe polepole. Ukibana kwa vidole viwili unaipinda pete iwe yai na kuikaza zaidi.

Tripodi

Tripodi, ambayo huku tunaiita trepie, hudharauliwa kwa sababu haina umeme, ilhali ndiyo inayobeba maji mengi kuliko kifaa kingine chochote. Miguu yake ni mabomba. Fungua kufuli zote na uvute kila mguu mpaka mwisho, uiinamishe juu ya karai, nawe utaona maji ya kahawia yakitoka hata siku ya pili. Kama kufuli zake ni za kuzungusha, zifungue zitoke kabisa, ukiangalia vizuri vile vipande viwili vya plastiki vilivyopinda kama ganda la mua: vina vijichongo vinavyoingia kwenye matundu ya bomba, na lazima virudi palepale vilipotoka. Mimi hutandaza kitambaa cheupe sakafuni na kupanga vipande vya kila mguu katika mstari wake, kwa sababu siku niliyovichanganya nilitumia jioni mbili kugundua kwa nini mguu mmoja unazunguka wenyewe.

Sugua nyuzi za skrubu kwa mswaki wa zamani na sabuni kidogo, suuza, kausha kwa siku 2 kivulini, kisha paka grisi kiasi cha punje ya mchele kwenye nyuzi hizo peke yake. Bomba lenyewe na vile vipande vya plastiki visiguswe na grisi, kwani hivyo ndivyo vinavyoshika. Kichwa cha tripodi chenye mpira wa chuma ndani usikimwagie mafuta ya kupulizia ya kulegeza kutu. Yatafika pasipotakiwa, na kamera yako itainamisha shingo katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi. Tripodi za nyuzi za kaboni zina shida moja ya ziada: pale kaboni inapokutana na aluminiamu, unyevu wenye madini huharakisha kuliwa kwa aluminiamu, basi maungio hayo yasuuzwe kwa uangalifu kuliko mengine.

Maikrofoni na begi lenyewe

Sponji ya maikrofoni ioshwe kama nguo, kwa sabuni hafifu, ikamuliwe ndani ya taulo. Maikrofoni yenyewe isioshwe. Futa wavu wake, itundike, uiache wiki nzima. Zile zinazohitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye mashine ya sauti zisiunganishwe kabla ya wiki hiyo kwisha, hata kama mteja anakusubiri mlangoni.

Begi huokolewa mwisho, lakini lisirudishiwe vitu mapema. Sifongo ya kuta zake hunyonya maji na kuyatoa taratibu kwa siku nyingi. Kiswahili kimetupa neno moja, ukungu, kwa mvuke unaoganda juu ya kioo na kwa kuvu inayoota ndani yake, na kwa mpiga picha maana hizo mbili ni ndugu, kwani wa kwanza akikaa humwita wa pili. Kuvu hupenda hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 60 au 70, nayo ikishaota juu ya lenzi huacha alama zisizotoka. Toa kuta zote za ndani, zioshe, zianike, na kama ni msimu wa mvua, yaani kati ya Septemba na Mei, tarajia wiki badala ya siku.

Kukausha

Feni ya kawaida ikipuliza hewa isiyo na joto inashinda kila mbinu nyingine. Mashine ya kukaushia nywele husukuma maji ndani zaidi na kulegeza gundi. Hewa ya kompresa ya mafundi wa matairi ina nguvu kupita kiasi, na mara nyingi ina matone ya mafuta. Mbabula, jua kali la saa sita, na juu ya friji vyote hupasha upande mmoja na kuacha mwingine. Umeme ukikatika, meza iliyo kivulini karibu na dirisha lenye upepo inatosha mchana. Jioni, hewa ya ziwa inapopoa, ingiza kila kitu ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na silika jeli.

Silika ni vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya. Vikusanye mwaka mzima. Zile punje za rangi ni bora zaidi kwa sababu husema zenyewe zinaposhiba: za bluu hugeuka pinki, za rangi ya chungwa hugeuka kijani, na ukizipasha katika oveni kwa nyuzi 120 hivi kwa saa 2 au 3 hurudia hali yake. Mchele, ambao kila mtu hukushauri, hunyonya unyevu kidogo sana na huacha unga wake kwenye matundu. Mchele wa Uwanda wa Ruzizi uliwe.

Kujaribu

Siku ya kujaribu ikifika, anza na kifaa kimoja, betri moja unayoiamini, na kamera ambayo haikuwahi kulowa isiwe ya kwanza kushikishwa flashi iliyozama. Iwashe flashi peke yake mezani, upige mara moja, ungoje dakika 10, uguse kama ina joto. Ukisikia mlio usio wa kawaida au harufu ya kuungua, toa betri. Kisha andika tarehe kwenye kipande cha utepe na uibandike chini ya kifaa, ukifungue tena chumba cha betri baada ya wiki 3 na baada ya miezi 2, ukitafuta kutu ya kijani kwenye chemchemi. Kwenye flashi yangu iliyosalia ilitokea safari ya pili, doa dogo kama kichwa cha kiberiti, nikaifuta kwa limau, kisha maji, kisha pombe, na haijarudi.